Nani Alizisugua Nusu Rupia za Bibi

Nyemo mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za sabuni, za kufua soksi na za kutoazimana taulo. Matroni atakuambia hayo, na asipokuambia utajifunza kwa kuona aibu mara moja. Barua hii nimeiweka chini kabisa ya tranka, chini ya shuka la pili, mahali ambapo hutafika mpaka uwe umeshapewa kitanda. Nimefanya hivyo makusudi. Sitaki uisome ndani ya basi, na sitaki uisome nikiwa mbele yako.

Nitaandika juu ya nusu rupia za Bibi. Najua hutaki kuzisikia. Tangu tulipotoka dukani kwa Mzee Twalibu hujazitaja hata mara moja, na kila nilipotaka kuanza ulisimama ukaenda kuangalia maji jikoni, hata kama jiko halikuwa limewashwa. Wewe ulikuwepo karibu mwanzo hadi mwisho, lakini ulikuwa ukiitwa na kutumwa, maji, kuni, chumvi, kwa hiyo kuna vipande hukuviona. Nitavieleza kwa mpangilio kama ninavyopanga mafaili kazini, maana nikianza kurukaruka najijua, nitaruka pale palipo na mimi.

Siku tuliyoanua matanga kule Gulwe, Mjomba Elia alitoa lile kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda cha Bibi, akalimimina juu ya ungo mbele ya watu. Zilitoka senti hamsini zenye sungura, zile ulizokuwa ukichezea duka ulipokuwa mdogo, na katikati yake kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo zilikuwepo nusu rupia sita, nyeusi kama zimetoka jivuni, na ile ya saba yenye tundu, imetungwa kwenye shanga za Bibi. Bibi aliachiwa na bibi yake, na huyo alizipata enzi reli inajengwa. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hizi ni za Mjerumani," Mjomba wako alisema. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kuziamsha. "Kuna jamaa Mpwapwa aliuza moja tu, akanunua pikipiki."

"Wewe ulimwona?" mama mmoja akauliza.

"Pikipiki niliiona."

Basi mchele ukaletwa. Unakumbuka, wewe ndiye uliyetumwa kuuleta. Watu wanasema rupia ya kweli huvuta punje za mchele kama sumaku, na Mjomba wako, ambaye ananunua ufuta wa vijiji vitatu na hadanganywi hata nusu kilo, alipiga magoti akaisogeza nusu rupia karibu na mchele, akangoja. Watu wazima wote wakainama. Mchele ulikaa pale pale.

"Labda unataka mchele wa Kyela," yule mama akasema, "huu wa dukani mzito." Watu wakacheka, na Mjomba akacheka pia, nikafurahi kwa kuwa siku hizo tatu hakuwa amecheka.

Mimi nilikuwa najua. Nusu rupia ni ya madini ya fedha, na fedha haivuti mchele wala haivuti kitu chochote. Nilisoma hata fizikia. Nilikaa nimeshika kidevu, nikangoja mchele pamoja nao, kwa sababu kumwambia Kaka mbele za watu kwamba jambo lake halina maana ni kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani mwangu. Halafu akanigeukia. "Rehema, wewe ndiye uliyesoma. Nenda nazo mjini ukatutafutie bei. Nataka kaburi la mama lijengwe kabla mvua hazijaanza. Korongo lile mnalijua, kila mwaka linakula kwenda juu makaburini."

Nikasema, "Sawa, kaka." Maneno hayo mawili nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Tulipofika nyumbani Ipagala nikazipanga juu ya meza. Nisikilize vizuri hapa, Nyemo, maana ndipo pale ninapotaka kuparuka. Sikuwa nimesoma chochote bado. Niliziangalia jinsi zilivyo nyeusi, nikawaza jinsi nitakavyoingia nazo kwenye duka la mtu wa mjini, na mkono wangu ukiwa umeshika kitu kichafu kutoka Gulwe. Nikakuita. Nilikuambia hivi, neno kwa neno: "Zisugue vizuri, tusiende kwa watu na vitu vya kijijini."

Ukachota majivu kwenye jiko la mkaa, ukakata limau, ukakaa kibarazani na kitambaa kama Bibi alivyokufundisha kusugua masufuria. Ulikuwa unaimba. Zilitoka zinang'aa mpaka nikaona kivuli cha uso wangu kwenye shavu la mfalme wa Wajerumani. Nikakusifu. Nikapiga picha nikamtumia Mjomba, akajibu, "Hapo sasa." Ile yenye tundu peke yake hukuisugua. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Hii ina jasho la Bibi, mama," nikakuacha, nikaona ni mambo ya kitoto.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana ofisini, ndipo nilipofungua simu na kuanza kusoma jinsi wanavyokadiria thamani ya vitu hivi. Nilisoma kwa bidii, kama mtu wa mtihani. Kwanza wanatazama mwaka, kwa sababu kuna miaka zilitengenezwa chache. Halafu herufi ndogo inayoonyesha mji zilikotengenezwa. Halafu wanatazama ndege aliye juu ya kofia ya mfalme, kama manyoya ya bawa lake bado yanahesabika au yamelika kwa kupita mikononi mwa watu. Tundu linaua bei karibu yote. Na mwishoni, kwa herufi nzito, nikasoma kwamba sarafu haisafishwi. Ule weusi ndio ngozi yake. Anayeisugua anaichuna, na ngozi hiyo hairudi.

Nilikaa na kijiko mkononi hadi wali ukapoa. Mwenzangu wa masjala akaniuliza kama nimepata msiba mwingine.

Nilichokifanya jioni ile ndicho kipande ulichokiona nusu tu. Ulirudi kutoka dukani ukanikuta jikoni nimechukua masizi ya chini ya sufuria, nimeyachanganya na mafuta ya kula, nazipaka nusu rupia moja moja. Uliuliza, "Mama, unafanya nini?" Nikasema nazilinda zisipate kutu. Fedha haipati kutu kama chuma, na wewe ulikuwa umeshafundishwa hilo darasa la sita. Ulichukua kitambaa ukafuta meza. Mama yako mwenye shahada alikuwa anapaka masizi sarafu ili zionekane kama hazijawahi kuguswa.

Ningeweza kumpigia Kaka simu usiku ule ule. Nilishika simu. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika kwa heshima zaidi, nikaufuta. Angegomba siku mbili, angenuna mwezi, basi. Badala yake nikamngoja aje, tukaenda wote watatu dukani kwa Mzee Twalibu, yule fundi saa ambaye watu wanasema babu zake walifika Dodoma na misafara, na ambaye hununua fedha na dhahabu kuukuu.

Alitukaribisha vizuri. Alivaa kile kioo chake cha jichoni, akaigeuza ya kwanza kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama kwa muda, akachukua pamba akaifuta. Pamba ikawa nyeusi. Akaitazama pamba.

"Mama, haya ni masizi," alisema.

Akafuta ya pili, ya tatu. Kisha akamwonyesha Mjomba wako mikwaruzo midogomidogo iliyokwenda upande mmoja, kama shamba lililopitiwa na reki.

"Zimesuguliwa, bwana. Tena siku si nyingi. Hizi mbili, ona ndege wake bado mzima, zingekuja na weusi wake ningekupa bei ya kujengea kaburi hilo unalolisema, saruji na fundi, na nondo ungepata. Wanunuzi wangu hawagusi kitu kilichosuguliwa. Sasa naweza kuzipima kama fedha ya kuyeyusha tu."

"Na hii?" Mjomba akasogeza yenye shanga.

"Hiyo ina tundu. Hiyo haina soko. Kavae."

Mjomba wako akageuka. Hakupaza sauti. Ungejua jinsi ninavyoogopa anapokuwa hapazi sauti. "Nani alizisugua?"

Ukasema, "Mimi, mjomba. Kwa majivu."

"Nani alikutuma?"

Hapo ukanitazama. Hukuonyesha kidole, hukusema kitu, ulinitazama tu ukingoja niseme, jinsi mtoto anavyongoja mtu mzima amshike mkono kuvuka barabara. Na mimi nikasema, "Nilimwambia asiziguse, kaka. Watoto wa siku hizi hawasikii."

Lilitoka kirahisi. Nataka ujue hilo, kwa sababu huenda unadhani nilipigana na nafsi yangu kwanza. Sikupigana. Ofisini kwetu faili likiletwa limechanika, jambo la kwanza karani anafundishwa ni kuandika juu ya jalada: limepokelewa likiwa hivi. Ndivyo anavyojikinga. Nimeliandika hilo kwa mafaili yaliyoletwa yamechanika, na kwa mengine yaliyochanikia mezani kwangu, na hakuna aliyewahi kunifuatilia. Siku ile niliandika hivyo juu yako.

Mzee Twalibu akauliza, labda kwa udadisi wa kazi tu, "Na masizi je, nani alipaka?"

Ukasema, "Nayo mimi."

Hakuna aliyekutuma useme hilo, Nyemo. La kwanza lilikuwa kweli, ulisugua. La pili ulilibeba. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, ukaona mama yako anazama, ukamwekea bega. Na mama yako akapanda juu ya bega, akatazama nje barabarani.

Yaliyosemwa pale nje na Mjomba wako unayajua, na sitayarudia yote. "Kaburi la bibi yako umelisugua wewe kwa majivu." Hilo nalikumbuka hata nikiwa napiga mihuri. Na lile la pili: "Gulwe usikanyage mpaka niseme." Akakataa bei ya kuyeyusha, akachukua zile sita azirudishe kwenye kopo la Bibi, akaiacha ile yenye tundu juu ya meza ya fundi kama ganda la muwa. Ukaichukua wewe.

Mvua zilianza na kaburi likiwa la udongo. Limezungushiwa miiba ili mbuzi wasilipande. Nilipokwenda mara ya mwisho udongo ulikuwa umekaa chini upande wa miguuni, na wanawake waliokuwa wakipalilia karanga walinisalimia vizuri sana, halafu mmoja akasema kwa huruma ya kweli, "Pole, Mama Nyemo, watoto wanaweza kukurudisha nyuma." Nikasema, "Ndiyo, dada." Unaona. Nilipata nafasi ya pili, shambani, bila Kaka kuwepo, mbele ya wanawake wawili na majembe yao, na bado nikasema ndiyo.

Umelelewa Gulwe. Mimi nilikuwa masomoni, halafu natafuta kazi, halafu kazini. Ulimwita Bibi mama, na mimi ukaniita Dada Rehema hadi ulipoanza shule, na nilipokurekebisha ulilia kwa sababu ulidhani nakunyang'anya mama yako. Miaka miwili tu ndiyo umeishi nami hapa Ipagala. Nyumbani kwako ni kule, kwenye ile njia ya mbuzi inayoshuka stesheni, na kwenye lile kaburi. Ndiyo maana wiki iliyopita, uliposema huku unakunja sketi, "Likizo nitaomba nibaki shuleni, wapo wanaobaki," nilielewa ninachoambiwa. Hukusema hutaki kuja kwangu. Ulisema huna pa kwenda.

Nakueleza sasa kitu ambacho Bibi hakukueleza, sijui kwa nini, labda kwa kunihurumia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na wewe ulikuwa tayari tumboni. Mjomba wako alikuwa kijana mwenye nguvu za baba, kwa sababu baba yetu alikuwa ameshafariki. Aliitisha kikao. Hakuuliza mwanamume ni nani, hilo lilijulikana na mwenyewe alishakimbia. Aliuliza, "Nani alimruhusu huyu kwenda Mpwapwa na kwaya?" Hakuna aliyeniruhusu. Nilitoroka. Nilikuwa nimekaa chini, mikono yangu ndani ya ungo wa karanga, nasubiri ardhi ifunguke.

Bibi alikuwa anabangua karanga. Akasema, "Mimi."

"Mama, wiki ile ulikuwa Kikombo kwa mgonjwa."

"Nilimruhusu kabla sijaondoka. Una swali lingine, Elia? Karanga hizi zinangoja."

Kila mtu mle ndani alijua anadanganya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kikao kikaisha. Matokeo yalipotoka nimefaulu, ni yeye aliyesema niende kidato cha tano na wewe ubaki mgongoni kwake.

Watu wanaposimulia habari kama hiyo husema walijifunza upendo. Mimi nilijifunza kitu kibaya. Nilijifunza kwamba ukinyamaza muda wa kutosha, atatokea mtu aseme "mimi". Nimeishi hivyo tangu siku ile. Shuleni, chuoni, masjala. Ninaogopa, nanyamaza, nangoja. Elimu yote niliyoipata haikuniondolea woga. Ilinipa maneno mazuri ya kuufunika. Bibi alipokufa nilidhani hayupo tena wa kulisema neno lile, kumbe alikuwa ameshakufundisha wewe, kwa majivu na masufuria, bila kujua utalisema kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo hili moja nakuomba, na sikuombi kwa sababu mimi ni mfano wa chochote. Huko bwenini kitu kitavunjika. Ndoo, kioo, kitasa. Matroni atauliza nani. Yupo msichana atakayenyamaza na kuangalia dirishani, utamtambua haraka sana, umeishi naye. Usimwekee bega. Mwache ahisi jinsi ukimya unavyokuwa mrefu mpaka unauma. Ningewekewa ukimya huo mara moja nikiwa na umri wako, pengine leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini lako likiwa lako kweli, lile la kusugua na si lile la masizi, liseme kama ulivyolisema dukani. Ulilisema vizuri. Ulitaja na majivu uliyotumia.

Sitakudanganya pia kwamba zile sarafu hazikuwa na thamani yoyote. Najaribiwa kuandika hivyo, ingekupunguzia. Wengi wanaosema mamilioni wanadanganyana, na mchele hauvutwi. Lakini zile mbili zenye ndege mzima zilikuwa na thamani ya kaburi, na thamani hiyo iliondoka kwenye kibaraza chetu, kwa mkono wako, kwa amri yangu. Mkono haukujua. Amri ilitolewa na mtu mzima mwenye simu mfukoni, ambaye angesoma kwanza dakika chache kama asingekuwa anaona haya kwa kutoka alikotoka.

Ile yenye tundu nimeiona leo nikipanga tranka. Umeifunga ndani ya soksi pamoja na shanga zake. Nilipokuwa naorodhesha bei za wale wa mtandaoni niliandika mbele yake "hakuna", kwa sababu wanaonunua wanataka kitu ambacho mikono haikukipitia. Hii imepitia shingo za wanawake wa kwetu. Yule aliyeitoboa hakuwa anamfikiria mnunuzi, alikuwa anatafuta pa kupitisha uzi. Nimeirudisha ndani ya soksi kama ilivyokuwa. Sikuifuta.

Sasa ya kesho.

Mjomba Elia amelala Ihumwa kwa shemeji yake. Atafika hapa alfajiri kubeba tranka lako hadi stendi, kwa sababu alimwahidi Bibi kwamba siku ukienda sekondari atakubebea yeye, na ahadi aliyompa mama yake haivunji hata akiwa amekasirika. Nilipompigia kumwuliza kama bado atakuja, alisema, "Nitakuja. Tranka halina kosa." Utamwamkia, ataitikia bila kukutazama, atauliza basi linaondoka saa ngapi.

Nimeamua kusema hapo hapo, kabla hajapewa chai. Akishashika kikombe changu nitajiambia ngoja amalize, akimaliza nitajiambia ngoja tufike stendi, na stendi kuna watu. Najifahamu. Sentensi yenyewe nimeshaitunga, na nimeifupisha hadi haina pa kujifichia: "Kaka, niliyemtuma Nyemo azisugue ni mimi, na masizi nilipaka mimi, na dukani nilikudanganya." Nimeisema mara kadhaa mbele ya ukuta wa jikoni. Mara zote ukuta umenisikia. Wewe ulikohoa chumbani, nikakatiza.

Sijui atafanya nini. Huenda akaweka tranka chini akaondoka. Huenda asiongee nami tena hadi nizeeke, na nitakuwa nimepoteza Gulwe mimi badala yako, kama ilivyopaswa kuwa tangu siku ile. Ukurasa huu herufi zimepinda, utaona. Unajua napenda herufi zangu zinyooke.

Kwa hiyo, Nyemo, sasa hivi umekaa kwenye kitanda cha shule, shuka la pili likiwa magotini, na unajua jambo ambalo mimi silijui. Unajua kama niliisema.

Kama niliisema, barua hii haina kazi tena. Ichane, na likizo upande gari la Gulwe bila kumwomba mtu ruhusa.

Kama sikuisema, kama uliniona nikimkaribisha Kaka chai na kutazama dirishani, usinihurumie na usiichane. Nimeiandika kwa wino, na hapo chini nimeweka jina langu lote na sahihi ninayotumia kazini, ili asiwepo wa kusema imetungwa na mtoto. Likizo ikifika chukua barua hii, nenda nayo Gulwe, umpe Mjomba wako mkononi aisome akiwa amekaa. Usiseme neno. Umeshasema ya kutosha kwa ajili yangu.

Ni mimi niliyekutuma,

Mama yako,
Rehema binti Daudi Chiloleti